Pima Chuma, Usipime Nyumba: Hotuba kuhusu Konvekta za Mvuke katika Nyumba za Zamani

Hii ni hotuba niliyoitoa kwenye mkutano wetu wa wenye nyumba za zamani hapa Marekani. Theluji iliwazuia wengi kufika, nanyi mmeomba iwekwe yote. Michoro niliyoonyesha ukutani nimeiacha; palipokuwa na haja nimeeleza kwa maneno.

Wazee wangu, mama zangu, kaka na dada, habari za jioni.

Naomba mikono. Nani hapa nyumba yake ilijengwa kabla ya mwaka 1955? Asanteni, ni wengi. Kati yenu, nani nyumba yake inapashwa joto kwa mvuke? Mikono imepungua. Na nani anaweza kuniambia, chumba kwa chumba, chombo kinachotoa joto kina ukubwa gani? Namwona mzee mmoja tu kule nyuma, na yeye ni fundi bomba, kwa hiyo hahesabiki.

Kila baridi ikianza napigiwa simu zilezile. Chumba cha mtoto hakipati joto. Boila, yaani mtambo wa kuchemsha maji yawe mvuke, inawaka na kuzima, inawaka na kuzima. Muuza boila amekuja, ameitazama nyumba akiwa amesimama barabarani, na ameshataja bei. Mimi nauliza swali moja: mmepima? Najibiwa, "Ndiyo, nyumba ina futi za mraba elfu mbili." Ndugu zangu, sijauliza habari ya nyumba. Nimeuliza habari ya chuma. Mvuke hauijui nyumba yako, wala idadi ya vyumba, wala madirisha uliyobadilisha. Mvuke unakijua chuma baridi unachokutana nacho njiani. Kwa hiyo pima chuma, usipime nyumba.

Lakini huwezi kupima usichokitambua, na hapo ndipo wengi tunapokwama.

Rejeta ya zamani haimpotezi mtu. Ni chuma cha kusubu, imesimama sakafuni kwa miguu yake, vipande vimeunganishwa ubavu kwa ubavu, nzito kiasi kwamba watu wawili wakiisogeza hutukana. Konvekta ndiyo inayojificha. Kwa nje ni kasha la bati, mara nyingi limezamishwa ukutani chini ya dirisha na kupakwa rangi ileile ya ukuta. Chini kuna uwazi, juu kuna matundu au wavu. Ndani, karibu na sakafu, kimelala kiini. Mara nyingi kiini hicho ni mabomba ya shaba yaliyovishwa mapezi membamba ya alumini, mengi, yamepangwa karibukaribu. Katika nyumba nyingine kiini ni cha chuma cha kusubu, na mapezi yake ni manene na machache.

Zilitoka wapi? Katika miaka ya 1920 Reuben Trane wa La Crosse, Wisconsin, alileta konvekta nyepesi kuchukua nafasi ya rejeta nzito. Kampuni za Modine na Young nazo zilitengeneza zao. Kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1950 wajenzi walizipenda, na si ajabu: hazivunji mgongo wa fundi, na hazili nafasi ya chumba. Ndiyo maana nyumba nyingi za kipindi hicho zina rejeta huku na konvekta kule, hasa pale mtu alipoongeza chumba baadaye.

Kuna dada mmoja, sitamtaja, alinunua nyumba ya namna hiyo. Chini rejeta, juu konvekta. Karatasi ya ukaguzi aliyopewa wakati wa kununua ilisema ghorofa ya juu haina vyombo vya kupasha joto. Akaamini. Akanunua hita za umeme, akaweka kabati la vitabu mbele ya "tundu la hewa" lililokuwa chini ya dirisha, na kila mwezi akalia na bili ya umeme. Tulipolisogeza lile kabati na kuinua bati la mbele, kiini kilikuwa pale, salama kabisa, kimefunikwa na vumbi lililoshikana mpaka mapezi hayaonekani. Kando yake kulikuwa na kimlango kidogo, na nyuma ya kimlango koki imefungwa. Alikuwa ameishi miaka na konvekta asiyoijua. Tuliifyonza vumbi, tukafungua koki, tukabadilisha kitoa hewa kilichozibwa kwa rangi. Hita za umeme akazigawa.

Sasa bati la mbele linafunguliwaje? Mara nyingi linaning'inia kwenye kulabu: unalinyanyua juu kidogo, halafu unalivuta kwako. Mengine yameshikwa na skrubu mbili au vibanio. Kama limegandishwa kwa rangi ya miongo mingi, pitisha kisu polepole ukingoni, usilazimishe kwa nyundo. Na hapa naomba mnisikilize vizuri. Rangi yenye risasi ilipigwa marufuku kwenye nyumba za kuishi Marekani mwaka 1978. Nyumba yako ni ya kabla ya hapo? Basi chukulia kwamba rangi hiyo ina risasi mpaka upimaji useme vingine. Usiipige msasa kavu, hasa kama kuna watoto. Na ukikuta bomba limevishwa kitu cheupe kama plasta au karatasi yenye mikunjo, kimechakaa, usikiguse na usikivunje. Huenda ni asbesto. Sampuli ichukuliwe na mwenye ujuzi, ipelekwe maabara. Kupima konvekta kunaweza kusubiri wiki mbili. Mapafu hayana spea.

Swali la pili la utambuzi: ni ya mvuke, au ya maji moto? Nawauliza, konvekta ya mvuke na ya maji moto zinatofautianaje kwa nje? Hazitofautiani. Kasha ni lilelile, mapezi ni yaleyale. Jibu haliko chumbani, liko beizimenti, chumba cha chini ya nyumba. Nenda kwenye boila. Ukiona mrija wa kioo umesimama wima ubavuni, na maji yanaonekana katikati yake, huo ni mvuke. Ukikosa kioo hicho, na badala yake ukaona tangi la kupokea maji yanayotanuka, hayo ni maji moto.

Kwa nini nang'ang'ania hili? Kaka mmoja alipima konvekta zake zote kwa uangalifu mkubwa. Alikuwa na karatasi nzuri kuliko zangu. Kisha akasoma jedwali la mtengenezaji linaloonyesha joto la konvekta za mvuke, na nyumba yake ni ya maji moto. Tofauti yake ni hii: futi moja ya mraba ya rejeta, kwa kipimo cha biashara hii, inatoa BTU 240 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto) ikiwa na mvuke wa nyuzi 215 za Farenhaiti kwenye chumba cha nyuzi 70. Chuma hichohicho kikipata maji ya wastani wa nyuzi 170 kinatoa BTU 150 tu. Kwa hiyo kwenye karatasi yake kila chumba kilikuwa kimekuzwa kwa asilimia 60. Alikuwa anajiandaa kuondoa konvekta mbili "zilizozidi". Angejuta mwezi wa kwanza.

Na hapohapo niseme neno juu ya hizo "futi za mraba", maana zinachanganya watu. Si eneo la sakafu. Si eneo la kasha. Ni kipimo cha uwezo wa kutoa joto. Kwenye majedwali mtakiona kwa herufi EDR. Zamani kweli mtu alipima uso wa chuma cha rejeta, lakini kwa konvekta namba hiyo ilipatikana kwa majaribio: kiasi cha mvuke kilichogeuka maji ndani ya kiini kwa saa. Kila futi ya mraba hugeuza takriban robo ratili ya mvuke kuwa maji kila saa. Ukishika 240 na robo ratili, umeshika karibu hesabu zote za jioni hii.

Jambo la mwisho la utambuzi, nitalipita haraka: bomba moja au mabomba mawili? Ikiwa bomba ni moja tu, mvuke unaingia na maji yanarudi kupitia njia hiyohiyo, na lazima pawe na kitoa hewa upande wa pili wa kiini. Koki yake iwe wazi kabisa au ifungwe kabisa. Kuiacha nusu kunazuia maji kurudi, na ndipo kelele za kugonga zinapoanza. Kiini nacho kiinamie upande wa koki; weka pimamaji juu yake uone. Ikiwa mabomba ni mawili, upande wa kutokea kuna trapu, kifaa cha shaba cha mviringo kinachopitisha hewa na maji na kuuzuia mvuke. Andika ni ipi kati ya hizo mbili. Fundi atakuuliza.

Sasa tuingie kwenye kupima, na hapa nitakaa kidogo.

Wenzangu, kasha la konvekta ni nini? Ni pambo? Ni kifuniko cha kuzuia watoto wasiungue? Hapana. Kasha ni sehemu ya chombo. Kasha ni dohani. Hewa moto inapanda ndani yake, na kadiri dohani inavyokuwa ndefu ndivyo inavyovuta hewa zaidi kupita kwenye mapezi. Chukua kiini kilekile, bomba zilezile, mapezi yaleyale, kiweke ndani ya kasha refu: joto linaongezeka. Kiweke ndani ya kasha fupi: linapungua. Kiache bila kasha?

Kuna mama mmoja aliyefanya hivyohivyo. Chumba chake kilikuwa na baridi, akaona kasha ndilo linalozuia joto. Ni wazo la mtu mwenye akili. Ungekuwa na rejeta ya chuma, kuivua kifuniko kungesaidia kweli. Akalivua, akalipeleka gereji, akangoja joto. Chumba kikazidi kuwa baridi. Akapandisha themostati. Vyumba vingine vikawa tanuri, chake bado. Aliponipigia simu alikuwa ameshakubali kununua konvekta mpya kubwa zaidi. Nikamwambia, mama, kabla hujatoa hela, rudisha kasha. Alirudisha. Chumba kikapata joto lake, na konvekta mpya haikununuliwa.

Na si lazima ulivue kasha ndipo uharibu. Nimeona watu wakiweka mbao mpya juu ya sakafu ya zamani, halafu zulia juu ya mbao, mpaka uwazi wa chini ukabaki upana wa kidole. Nimeona pazia refu likilala juu ya matundu. Uwazi wa chini na matundu ya juu ni mlango wa kuingia na mlango wa kutoka. Funga mmoja, na konvekta imekufa hata kama mvuke umejaa ndani. Rangi ya fedha iliyopakwa kasha, ambayo watu hupenda kuilaumu, haidhuru sana hapa. Rangi ya namna hiyo hupunguza mionzi ya rejeta, lakini konvekta joto lake karibu lote hutoka kwa hewa. Laumuni vumbi.

Basi ukipima, pima vitu hivi na uviandike. Kina cha kasha, kutoka mbele hadi nyuma. Kimo. Urefu, kutoka kushoto hadi kulia. Kisha ingia ndani: kiini ni cha shaba na alumini au cha chuma cha kusubu? Mabomba ni mangapi? Mapezi yana upana na kimo gani, na kiini chenyewe kina urefu gani kutoka pezi la kwanza hadi la mwisho? Matundu ya kutokea yako mbele au juu? Chukua picha. Tafuta kibandiko au namba iliyogongwa kwenye bati la ndani, kwa tochi, hasa pembeni na nyuma ya bati la mbele. Ukipata jina la mtengenezaji na namba ya aina, kazi yako imepungua nusu, kwa sababu majedwali mengi ya zamani bado yanapatikana.

Jedwali linasomwaje? Unaingia na kina, unashuka kwenye kimo, unakwenda pembeni hadi urefu wako, unakutana na futi za mraba. Lakini soma mchoro ulio kando ya jedwali kabla ya kusoma namba. Mtengenezaji mmoja anapima urefu wa kasha, mwingine urefu wa kiini, na kiini huwa kifupi kuliko kasha kwa inchi kadhaa. Kimo nacho hivyohivyo: kuna konvekta za kusimama sakafuni, za kuning'inia ukutani na za kuzama ukutani, na kila moja ina pa kuanzia kupima. Ukikosa jina la mtengenezaji, tumia jedwali la konvekta inayofanana na yako kwa kila kipimo na kwa aina ya kiini. Usichukue jedwali la shaba ukapimia chuma cha kusubu. Utapata makadirio, na makadirio ya namna hiyo ni bora mara mia kuliko kukisia kwa macho. Na kama kasha lina kifuniko cha ndani cha kupunguza hewa, kile chenye kitasa juu, hesabu konvekta kana kwamba kiko wazi. Mvuke unaingia kwenye kiini hata kifuniko kikiwa kimefungwa, na mtu akikifungua mwezi wa Januari boila yako iwe na uwezo wa kumjibu.

Mnaniuliza: na kama kasha halifunguki kabisa? Mzee mmoja alikuwa na konvekta iliyojengewa ndani ya mbao nzuri za ukutani, na mkewe alisema wazi kwamba mbao hizo hazivunjwi. Tukashuka beizimenti na uzi. Naam, uzi. Bomba linalopanda kwenda kwenye konvekta linasema kitu. Kwa mfumo wa bomba moja, kanuni ya zamani ya kuunganisha ilikuwa hii: bomba la inchi 1 kwa futi za mraba hadi 24, la inchi 1¼ kwa 25 hadi 60, la inchi 1½ kwa 61 hadi 100, la inchi 2 kwa zaidi ya hapo. Tatizo ni kwamba "inchi 1" ni jina tu; ukilipima bomba kwa nje unapata inchi 1.315, na hapo watu hukosea. Zungusha uzi kwenye bomba tupu, likiwa baridi, kisha pima uzi. Ukipata inchi 4 na kidogo, ni bomba la inchi 1. Inchi 5 na robo hivi, ni la 1¼. Inchi 6, ni la 1½. Inchi 7 na nusu, ni la 2. Bomba la mzee lilitoa uzi wa inchi 5 na robo, kwa hiyo tulijua konvekta yake haikupaswa kuzidi futi za mraba 60. Hilo ni kikomo cha juu, si kipimo. Lakini tuliliweka pamoja na urefu wa matundu na kimo cha dirisha, tukapata namba ya kufanyia kazi, na mbao za mama zikabaki.

Sasa namba hizi zinafanya kazi gani? Zinachagua boila. Narudia, kwa sababu hili ndilo linalowagharimu watu pesa: kwa mvuke, boila inachaguliwa kwa jumla ya vyuma vilivyounganishwa nayo. Kwa maji moto unaweza kuanza na joto linalopotea nyumbani. Kwa mvuke, hapana. Mvuke lazima ujaze kila chuma hadi cha mwisho. Boila ikiwa ndogo, vyuma vya karibu vinakunywa mvuke wote na chumba cha mbali kinabaki baridi. Ikiwa kubwa mno, mvuke unakosa pa kwenda, presha inapanda, kidhibiti kinazima moto, presha inashuka, moto unawaka tena. Ndiyo ile boila inayowaka na kuzima.

Tuseme umepima: sebule 42, chumba cha kulia 36, jiko 20, vyumba vya kulala 30, 28 na 24, bafu 12. Jumla ni futi za mraba 192. Zidisha kwa 240, unapata BTU 46,080 kwa saa. Nenda kwenye kibao cha boila, tafuta namba ya futi za mraba za mvuke, na uchague ile inayokaribia 192 bila kupungua. Basi. Mabomba nayo yanakula joto, hasa yakiwa bado baridi, na kwa ajili hiyo kuna nyongeza ya kawaida ya 1.33, hapa ingekuwa kama BTU 61,300. Lakini namba ya futi za mraba iliyo kwenye kibao imeshaitoa nyongeza hiyo. Ukiizidisha tena wewe, umenunua boila ya nyumba mbili.

Familia moja iliuziwa boila kwa njia rahisi kuliko zote: aliyekuja aliinama, akasoma kibao cha boila ya zamani, akaagiza ya ukubwa huohuo. Haraka, safi, na vibaya. Miaka iliyopita mwenye nyumba wa awali alikuwa ameondoa rejeta za ghorofa nzima ya juu na kuziba mabomba. Boila mpya ikawa inalisha chuma ambacho hakipo. Hakuna aliyepanda ngazi kuhesabu. Boila ya zamani haikupi ukubwa wa mpya. Inakupa tu kile ambacho mtu mwingine aliamua, kwa vyuma vya wakati huo, na pengine naye hakupima.

Na madirisha mapya je? Umeweka vioo viwili, umejaza sufi darini, nyumba haivuji tena. Je, boila ipungue? Kama vyuma ni vilevile, haipungui. Itakachofanya ni kuwaka kwa muda mfupi zaidi kwa siku, na huo ndio ushindi wako. Ukitaka boila ndogo, punguza chuma kwanza. Chumba kinachopoteza BTU 6,000 kwa saa siku ya baridi kali kinahitaji futi za mraba 25. Kama konvekta yake ni ya 40, hapo una la kujadiliana na fundi.

Nimetaja kwamba nyumba nyingi zina rejeta na konvekta pamoja. Futi za mraba zikilingana haimaanishi zinafanya kazi sawa. Kiini cha shaba kinapata joto kwa dakika chache na kupoa kwa dakika chache. Chuma cha kusubu kinachelewa kupata joto, kisha kinakaa nalo. Sasa themostati yako iko wapi? Ikiwa iko sebuleni penye konvekta, sebule inashiba mapema, moto unazimwa, na vyumba vyenye rejeta havijaanza. Watu hudhani rejeta ni ndogo. Si ndogo, hazijapewa muda. Kwenye mfumo wa bomba moja, weka vitoa hewa vya polepole kwenye konvekta na vya haraka kwenye rejeta, kisha ongoja siku chache za baridi kabla ya kuhukumu.

Kwa walio na wapangaji New York City, hili si suala la starehe tu. Kuanzia tarehe 1 Oktoba hadi 31 Mei, kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku, nje ikishuka chini ya nyuzi 55 ndani lazima pawe angalau nyuzi 68. Na usiku wote uliobaki angalau nyuzi 62, hata nje kuweje. Mpangaji mwenye konvekta iliyozibwa na zulia ana haki ya kulalamika, na wewe una haki ya kulinyanyua zulia kwanza kabla ya kununua boila.

Kabla ya kufungua maswali, mama mmoja hapa mbele ameniandikia kikaratasi: je, niongeze presha ili konvekta zitoe joto zaidi? Mama, usiongeze. Mvuke wa presha ya ratili 1 kwa inchi ya mraba uko karibu nyuzi 215. Ukiupeleka hadi ratili 5 unapata nyuzi 227 hivi. Nyuzi 12 tu, na kwa hizo unachoma mafuta zaidi, unachosha vitoa hewa, na maji yanapata shida kurudi kwenye boila. Mifumo ya nyumbani ilitengenezwa kufanya kazi chini ya ratili 2.

Kikaratasi cha pili kinauliza kama konvekta iliyotoboka inaweza kubadilishwa kwa zile hita ndefu za ukutani zinazokaa sakafuni. Kwenye maji moto, mara nyingi ndiyo. Kwenye mvuke wa bomba moja nashauri usifanye: kiini chake ni kirefu na chembamba, maji yanayorudi yanakutana na mvuke unaoingia, na mwinamo unaohitajika hauonekani vizuri ukutani. Tafuta kiini cha ukubwa uleule kiingie kwenye kasha lako la zamani, na lile kasha usilitupe hata kama fundi anasema analo jipya. Mpe karatasi yenye vipimo vyako vyote, mwombe aandike futi za mraba za kiini anachokileta, na uzilinganishe na zako kabla hajafungua spana.